Daftari la Meku: ucha Mungu wa mkulima tuupime wapi?

Kila nikienda msiba wa mzee huko kwetu Old Moshi, Kilimanjaro, huwa nasubiri ile sehemu ya kusoma historia ya marehemu, na naijua kabla haijasomwa: alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto kadhaa, wajukuu kadhaa na vitukuu kadhaa, alikuwa mkulima hodari, mzee wa kanisa, mcha Mungu, nguzo ya familia, akaugua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dakika tano imeisha. Miaka tisini na kitu ya mtu imeingia kwenye karatasi moja mbele na nyuma, alafu watu wanaenda kuweka mashada.

Ya babu yangu mwaka 2019 niliiandika mimi, na niliandika hivo hivo. Hakuna neno la uongo mle ndani. Ila wiki mbili baada ya mazishi nikapewa kazi ya kupanga makaratasi yake, nikakuta madaftari, yapo mengi, mengine panya wamekula kona, la zamani kabisa linaanzia miaka ya hamsini, na tangu niyasome sijawahi kusikia neno mcha Mungu msibani nikatulia. Maana hilo neno tunalitamka kama vile maana yake ni kwenda ibada tu. Mi naona ucha Mungu wa mkulima mwenye familia kubwa unapimwa sehemu tatu: nani alifanya kazi, nani alipata maji, nani alipewa ardhi. Na hizo tatu hazisomwagi msibani.

Ngoja nianze na yeye mwenyewe. Mtaani walimwita Meku, ndo tunavyomwita mtu mzima wa heshima huko kwetu. Alizaliwa kama 1927, tarehe haikuandikwa popote. Baba yake alikuwa kijana tu siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, pale Tsudunyi, tarehe 2 Machi 1900, yeye na wengine 18, kwahiyo babu alikulia kwenye nyumba ambayo hiyo habari ilisimuliwa na mtu wa zama zile zile, na wakati huo huo alibatizwa kwenye kanisa lililoletwa na hao hao Wajerumani. Watu wanashindwaga kuelewa hii inawezekanaje. Sehemu ya jibu ni namna kanisa lilivyoingia Old Moshi. Bruno Gutmann, mchungaji wa misheni ya Leipzig, alifika Kilimanjaro 1902 na ukitoa ile miaka ambayo Waingereza waliwafukuza Wajerumani, alikuwepo mpaka 1938. Yule aliamini kanisa lijengwe juu ya vitu ambavyo Wachagga tayari wanavyo, yaani ukoo, ujirani na rika. Kwahiyo mtoto kama babu hakuona kwamba kuna siku za kanisa na siku za ukoo. Mzee wa kanisa na mzee wa ukoo walikuwa mtu mmoja, na mzee wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, mara nyingi ni huyo huyo.

Sasa kahawa. Wakulima wa mlimani walianzisha chama chao mwaka 1925, KNPA, akina Joseph Merinyo, na 1933 ikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mlimani. Babu alizaliwa katikati ya hiyo miaka, ni mtoto wa kahawa kabisa. Alirithi kihamba cha ekari mbili na nusu kwa sababu alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa mila yetu mtoto wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya baba, wa kwanza anapewa sehemu yake mapema na wa katikati wanajitafutia. Kwa wasiojua, kihamba sio shamba tu. Juu kabisa kuna miringaringa na miruka inatoa kivuli, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, pembeni zizi la ng'ombe wa ndani, na katikati makaburi ya wazee na masale, ile mimea yetu ya heshima, yamezunguka. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia, na nilifurahi sana, ila hizo ngazi za mimea zinasimama kwa sababu kila siku kuna mtu anabeba mbolea kutoka zizini na majani kwenda zizini. Ukitoa huyo mtu, kihamba ni msitu.

Kwenye madaftari babu aliandika kila kitu alichoona kina maana. Kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi. Malipo ya kwanza, malipo ya pili. Siku ya kupuliza mrututu, dawa ya kahawa. Zamu ya maji ya mfongo. Ahadi kanisani na kiasi alicholipa. Nani kabatizwa, nani kafa. Mwandiko mzuri, wa shule ya misheni, na juu ya kila ukurasa mpya wa mwaka kaandika mstari wa Biblia.

Bibi hayumo.

Yaani miaka arobaini na zaidi ya kuandika, bibi yangu anatokea siku ya ndoa, siku za kujifungua na siku moja alipolazwa. Na mimi nimekulia pale likizo zote, najua nani alikuwa anaamka saa kumi kuwasha moto. Babu naye aliamka saa kumi na moja kasoro, lakini kwa ajili ya sala, na sala ilikuwa ndefu, anataja watoto wote tisa kwa majina alafu wajukuu, alafu mvua, alafu serikali, sisi tumepiga magoti kwenye sakafu ya baridi na ukisinzia unaguswa na fimbo taratibu begani. Naipenda hiyo kumbukumbu kuliko karibu kila kitu nilichonacho. Lakini chai ya baada ya sala ilikuwa tayari imeshachemka, na hiyo ni kazi ya mtu.

Chukua Jumapili. Babu hakuwahi kuchuma kahawa Jumapili, hata msimu ule mvua ilipokaa vibaya zikawa zinaiva kwa pamoja na kudondoka chini. Kila mtu alimsifia kwa hilo na lilisomwa msibani, nililiandika mimi. Sasa anayejua kahawa anajua ukishachuma mbivu lazima umenye maganda siku hiyo hiyo, ukiilaza inaharibika ladha na daraja linashuka. Kwahiyo kama Jumapili haiguswi, basi yote iliyochumwa Jumamosi lazima imenywe Jumamosi, ile mashine ya mkono inazungushwa mpaka usiku kwa taa ya chemli, alafu buni inawekwa kwenye pipa kuchacha mpaka Jumatatu ioshwe. Nani alizungusha? Bibi na mabinti. Na ng'ombe hajui sabato, anakula kila siku, kwahiyo Jumamosi majani yanakatwa mizigo ya siku mbili, kutoka chini porini mpaka juu, kichwani. Jumapili ya babu ilikuwa takatifu kweli, ila utakatifu wake ulilipiwa Jumamosi usiku na watu ambao Jumapili asubuhi walikuwa wanasinzia kanisani kwa uchovu.

Sisemi hivi kumvunjia heshima. Nimempenda yule mzee na nampenda mpaka leo. Nasema hivi kwa sababu naona tukimsifu bila kuwataja hao wengine tunakuwa tumemwimbia nusu ya wimbo.

Tena hesabu za pesa zenyewe zinaonyesha. Kwa mila zetu kahawa ni ya mwanaume, ndizi na maziwa ni ya mwanamke. Kahawa inalipa mara moja au mbili kwa mwaka, pesa kubwa inayoonekana, inajenga nyumba ya bati na kulipa ada. Ndizi zinalipa kila wiki sokoni, pesa ndogo, zinanunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni, daftari la shule. Na ile sadaka ya kila Jumapili, wiki hizo ambazo kahawa haijalipwa ambazo ndo wiki nyingi za mwaka, ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ndizi. Na kwenye mnada wa mavuno pale nje ya kanisa, mkungu wa ndizi mshare uliopewa sifa na kugombaniwa bei ulikuwa umebebwa na bibi. Daftari limeandika "sadaka" na kiasi, basi.

Ada ndo iliyoniuma zaidi. Brazil ilipigwa na baridi kali Julai 1975, miti ya kahawa ikaungua, bei ya dunia ikapanda sana 1976 na 1977, na ni mwaka huo huo wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, mpaka vikarudishwa miaka ya themanini. Pamoja na hayo mkulima alipata kitu, na kwenye daftari unaona: bati, saruji, ada. Ada ya baba mkubwa, ada ya baba yangu, ada ya baba mdogo. Mashangazi wawili wakubwa wameishia darasa la saba, na hapo kwenye daftari hakuna maelezo yoyote, kuna nafasi tupu tu, mwaka unaofuata wametajwa wanaenda kupata kipaimara. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kile ambacho kila mzee wa rika lake alifanya, na mchungaji hakumuuliza, na ukoo haukumuuliza.

Alafu kahawa ikaanguka. Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikashuka kama nusu, na miaka ya tisini wakaingia wanunuzi binafsi, pembejeo za mkopo zikapotea, mrututu ukawa ghali, chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha buni, ikarudi mashambani. Wengi wakaiacha kahawa ijifie yenyewe, wakaongeza migomba. Vijana wakashuka, Moshi mjini, Arusha, Dar. Ukifika vijiji vya juu siku ya kawaida utakuta wazee na nyumba nzuri zilizofungwa zinasubiri Desemba. Mkoa mzima wa Kilimanjaro sensa ya 2022 ulihesabu watu 1,861,934 na kila mtu anajua wana wa mkoa huo walio nje yake ni jeshi lingine.

Nguvu ya baba wa ukoo ilikuwa imekaa juu ya vitu viwili, kahawa ya kulipia na ardhi ya kugawa. Kahawa imeondoka. Ardhi nayo piga hesabu mwenyewe, ekari mbili na nusu kwa watoto watano wa kiume ni nusu eka kila mmoja. Ukipanda kahawa tupu kwa nafasi ya futi 9 kwa 9 eka moja inabeba miche kama 540, kwahiyo nusu eka ni 270, na hapo hujaweka mgomba, hujaweka nyumba, hujaweka kaburi. Ukiweka na mabinti wanne ni robo eka na kidogo kila mtu. Hii ndo hesabu iliyomkalia kila mzee wa mlimani kifuani akiwa anasali, na wengi waliona bora wasiizungumze, waseme tu "Mungu atajua", wakafa, na watoto wakajikuta baraza la kata wakigombania ardhi.

Babu kilichombadilisha sio semina. Bibi alifariki 1998. Na baada ya hapo ndo daftari linaanza kuandika vitu ambavyo halijawahi kuandika. "Kijana wa majani, malipo ya wiki." "Mama wa kufua." "Kubeba ndizi sokoni." "Maziwa hayakutosha." Ukurasa baada ya ukurasa. Yaani kazi ambayo kwa miaka arobaini na zaidi haikuwa na mstari, ghafla ina mstari na ina bei, na ile bei jumla yake kwa mwezi ilikuwa inazidi anachopata kwenye kahawa. Mwaka 2000 kuna sehemu kajumlisha, kapigia mistari miwili chini, na pembeni kaandika jina la bibi. Jina tu. Nilikaa na huo ukurasa nusu saa.

Baada ya hapo shangazi yangu mkubwa akarudi nyumbani, ndoa ilimshinda, akaja na watoto wawili. Kwa mila, binti aliyerudi anakaa kwa huruma ya kaka zake. Akaanza kukata majani, yule kijana wa kulipwa akaachishwa, daftari likarudi kuwa jembamba, ila safari hii babu alikuwa ameshaona. Na mwezi wa nane 2004 akaita watu: watoto wote tisa, mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, wazee wawili wa ukoo, majirani wawili. Wosia wa kimila wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, yeye aliamua uwe wa maandishi na mashahidi hao hao wote waweke sahihi.

Akasema shangazi anapata sehemu ya kihamba, upande wa mfongo, sawa na wavulana.

Kelele ilikuwepo, wajameni. Baba mkubwa alisimama akasema kwa heshima, "Baba, ardhi ya ukoo haitoki kwa binti." Babu hakujibu kwa sheria ingawa sheria ilikuwepo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema wazi kifungu cha 20 kwamba mila inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi ni batili, na hata kabla yake mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, alishaamua kesi ya Holaria Pastory wa mkoa wa Kagera aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza, mpwa wake akaenda kulipinga, jaji akasema mwanamke ana haki ile ile ya mwanaume. Babu alifungua Hesabu sura ya 27, binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa wanadai urithi wa baba yao, na Mungu anamwambia Musa wako sahihi, wape. Akasoma taratibu, akafunga.

Na baba mkubwa, ambaye naye ni mzee wa kanisa, akaomba Biblia hiyo hiyo akafungua sura ya 36, ambapo wakuu wa ukoo wanalalamika kwamba hao mabinti wakiolewa kabila lingine ardhi itahama nao, na wanapewa sharti la kuolewa ndani ya kabila. Mi nilikuwa pale, kijana wa sekondari, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mabishano ya ardhi yetu hayana upande wa dini na upande wa wasio na dini. Wote wawili walikuwa wanamcha Mungu. Hofu ya baba mkubwa ilikuwa ya kweli, kihamba kina makaburi, kikiuzwa kwa mtu baki unaenda kuomba ruhusa ya kuzika.

Babu akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Huyu ardhi haijaondoka naye. Yeye ndiye aliyerudi kwake." Ikaandikwa kwamba mtu yeyote, wa kiume au wa kike, akitaka kuuza aanze na ndugu zake. Mashangazi wengine watatu walisema wao hawahitaji mgao, wana kwao walikoolewa, na babu akaandika hilo pia, kwamba wameulizwa na wamejibu.

Nimefikiria sana kwanini yeye aliweza na wengine hawakuweza, na jibu langu linanisumbua. Aliweza kwa sababu alikuwa baba wa ukoo. Neno lile lile lililomwachisha shangazi shule mwaka ule ndo lilimpa ardhi 2004. Shangazi angeidai mwenyewe angeitwa mkaidi, na mwanasheria angeonekana mtu wa mjini. Mila iliyolindwa na sauti ya mzee ilihitaji sauti ya mzee kuivunja. Na hiyo sauti hairithiwi, babu alipofariki hakuna kati ya baba zangu aliyekuwa nayo, ndo maana karatasi ilikuwa muhimu kuliko hotuba. Siku arobaini baada ya mazishi kuna mmoja alijaribu kuuliza kama wosia ule bado una nguvu, ukaletwa mezani, sahihi za watu zimo, wawili wameshakufa, na yeye mwenyewe sahihi yake imo. Yakaisha.

Wapo wanaosema mambo haya tuiachie serikali, sheria ipo. Ipo lakini ile amri ya sheria za mila ya 1963, inayomweka binti daraja la mwisho kwenye urithi na kumzuia kurithi ardhi ya ukoo ikawa yake kabisa, nayo bado ipo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliiambia Tanzania iirekebishe kwenye kesi ya wajane wawili. Kati ya hizo sheria mbili kuna chumba cha mzee, na usiku anaosali akitaja majina. Pale ndo mambo mengi yanaamuliwa.

Kwenye daftari la mwisho, la 2018, mwandiko umeshaanza kutetemeka, mistari inapanda na kushuka. Kuna orodha ya zamu ya maji ya mfongo. Zamani mfongo lilikuwa jambo la wanaume kabisa, kuchimba, kusafisha, kukaa kikao, mwanamke hakutajwa. Orodha ina majina kumi na moja. Jina la saba ni la shangazi, Alhamisi, asubuhi mpaka saa sita. Nimeenda Desemba iliyopita nikamkuta na jembe kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua tope, miguu ndani ya maji, amemkaripia jirani aliyechelewa. Kahawa amepanda ile mipya inayostahimili chulebuni, miche michache tu kati ya migomba, na Jumamosi anafunga kazi saa nane mchana.

Nikamuuliza, "Shangazi mbona mapema hivyo?" Akasema, "Kesho ni Jumapili, na mimi nataka kuisikia mahubiri."